Kiongozi wa Tanga: gazeti tulilolirukia kumfikia Shaaban Robert

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha sita, mchepuo wa Kiswahili, fasihi andishi ilianzaje upande wa Tanganyika. Atakutajia tenzi za kale za pwani, mara nyingi za Pate na Lamu, kisha ataruka mpaka kwa Shaaban Robert. Katikati hapo kuna shimo. Na si kosa la mwanafunzi, ndivyo alivyofundishwa. Tunasimulia kana kwamba Shaaban aliamka siku moja pale Vibambani, akakuta lugha imelala, akaiamsha peke yake.

Hoja yangu ni kwamba shimo hilo halikuwa tupu. Lilijaa karatasi za magazeti. Na gazeti moja, lililotoka Tanga, mji mdogo wa pwani wenye bandari, reli na shule, linastahili kusomwa kama fasihi, pamoja na aibu zake zote. Nasema aibu kwa makusudi. Gazeti lenyewe lilikuwa mali ya mkoloni, na humo ndani watu wetu wamemsifia mkoloni mpaka ukurasa unanata. Ndiyo maana wengi wetu tungependa lisiwepo. Lakini lipo, na bila kulielewa hatutaelewa nathari yetu ilitoka wapi.

Gazeti lenyewe ni Kiongozi. Lilitoka kila mwezi kati ya miaka ya 1904 na 1916. (Usilichanganye na Kiongozi la Kanisa Katoliki, lililokuja baadaye sana. Ni majina tu yamefanana.) Lilisimamiwa na shule ya serikali ya Tanga, shule iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, nayo haikuwa ya misheni. Hilo lina uzito wake. Pwani ilikuwa ya Waislamu, na wazazi hawakuwa tayari kupeleka watoto kwa mapadri. Serikali ya Kijerumani ilihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida, kwa hiyo ikajenga shule isiyogusa dini, ikafundisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na humohumo ikaweka mtambo wa kuchapa.

Mwaka 1904 ndio pia ulioandikwa kwenye sarafu za kwanza za hela, zilizoletwa na Wajerumani pamoja na rupia yao mpya. Neno "hela" limebaki mfukoni mwetu, na "shule" nalo limebaki mdomoni, yote mawili yakiwa na asili ya Kijerumani. Ajabu ni kwamba tunakumbuka sarafu kuliko gazeti.

Sasa, nani aliandika? Juu palikuwa na Mjerumani wa shule, na habari za serikali zilikaa mbele kama zinavyokaa mpaka leo. Ila gazeti la kila mwezi halijazwi na mtu mmoja. Wahitimu wa shule ya Tanga walikuwa wametawanywa nchi nzima: huyu karani Tabora, yule mwalimu Mwanza, mwingine akida kusini. Hao ndio walioandika barua, habari za vituo vyao, mashairi na masimulizi ya safari. Na hao ndio walionunua na kusoma. Kwa maneno mengine, wasomaji na waandishi walikuwa kundi lilelile, watu wanaojuana au wanaotaka kujuana, waliotengana kwa mwendo wa majuma kadhaa kwa miguu. Mji ulikuwa mdogo, lakini gazeti lake lilisambaa mbali kuliko mji wenyewe.

Nianze na mashairi, maana ndiyo yaliyopata bahati ya kusomwa upya. Mwaka 2002 ulitoka mkusanyo mkubwa unaoitwa Kala Shairi, ulioandaliwa na Gudrun Miehe, Katrin Bromber, Said Khamis na Ralf Großerhode, ukiwa na mashairi ya Kiswahili ya enzi ya Wajerumani. Ukipitia mashairi ya enzi ile, cha kwanza kinachokukera ni sifa. Kaizari anasifiwa, gavana anasifiwa, nguvu za dola zinasifiwa, amani iliyoletwa na bunduki inashukuriwa. Msomaji wa leo aliyekulia kwenye hadithi za Mkwawa na Kinjeketile anafunga kitabu. Anasema: vibaraka tu hawa.

Kuna wataalamu wanaojaribu kuwatetea. Utetezi wao, kwa ufupi, ni huu: kusifu ni kazi ya kale ya mshairi wa pwani. Alimsifu sultani, akamsifu liwali, akamsifu tajiri mwenye jahazi. Na sifa si utumwa. Ukimwita mtu mkarimu mbele ya watu umemfunga, sasa lazima atoe. Basi, wanasema, mshairi aliyemsifu Mjerumani kwa uadilifu alikuwa anamdai uadilifu.

Hoja hiyo naikubali nusu. Sifa humfunga mtu pale tu anapoishi miongoni mwa wanaoielewa. Liwali aliyeitwa mkarimu kwenye shairi angekutana kesho yake msikitini na waliolisikia shairi hilo. Kaizari aliyeko Berlin hakuwa na msikiti wa kukutana na mtu wa Tanga. Hata gavana wa Dar es Salaam, ambaye pengine alijua Kiswahili cha kutolea amri, hakuwa mtu wa kuona haya kwa sababu ya kina cha kati. Kamba ya sifa ilirushwa lakini upande wa pili haukuwa na cha kufunga.

Basi walimwandikia nani? Nadhani waliandikiana wao kwa wao. Mtu wa kusifiwa alikuwa kisingizio. Kilichokuwa kinashindaniwa ni nani anajua: nani ana vina safi, nani anaweza kuchomeka msamiati wa Kiarabu bila kuvunja mizani, nani ameiva. Kwa karani wa kituo cha mbali, anayeamrishwa mchana kutwa na kijana wa Kizungu mwenye nusu ya umri wake, ukurasa ule ulikuwa mahali pekee ambapo ubora wake ungepimwa na watu wenye mizani halali. Ndiyo maana mtukufu anayesifiwa anaweza kubadilishwa jina na shairi likabaki lilelile. Yeye hakuwa mada.

Hiyo ni sababu nzuri ya kuyaelewa mashairi hayo. Lakini si sababu ya kuyapenda. Mengi ni dhaifu, na tuseme hivyo bila kuzunguka. Ufundi upo, ila umekosa kitu cha kushika. Ukitaka kuona tofauti, litafute lile utenzi la vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, la Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku huku Tanga. Linasimulia mwaka 1307 wa Hijra, yaani 1889 na 1890, miaka ya Bushiri na Bwana Heri, wakati mji wa Pangani uliposhuhudia Bushiri akinyongwa, Desemba 1889. Humo Wajerumani si wafadhili. Ni watu wanaokuja na jeuri, wakaharibu utaratibu wa mji, wakashinda kwa silaha. Lugha imekaza. Kila mtu ana jina, kila mahali pana jina, na anayesimulia anajua nani alikuwa upande gani na kwa nini.

Mji ni mmoja, lugha ni moja, na kizazi kinapishana kidogo tu. Kilichotofautiana ni njia. Utenzi lile lilipita kwa mswada na kwa sauti, likachapwa kitabu mwaka 1955, pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen, Wajerumani wakiwa wameshaondoka zamani. Mashairi ya Kiongozi yalipita kwenye mtambo wa shule ya serikali. Kwa hiyo anayesoma magazeti ya zama zile peke yake atadhani pwani nzima ilikuwa inapiga makofi. Na anayesoma utenzi peke yake atadhani pwani nzima ilikuwa inasaga meno. Ukweli ni kwamba huenda ilikuwa nyumba moja: baba ana mswada kabatini, mtoto ana gazeti mfukoni.

Lakini lulu ya Kiongozi, kwa maoni yangu, haiko kwenye mashairi. Iko kwenye nathari: barua, habari za vituo, masimulizi ya safari. Hapo ndipo jambo jipya lilitokea, na bahati mbaya hapo ndipo wahakiki wetu hawaangalii, kwa sababu tumefundishwa kwamba fasihi ya zamani ni ushairi, na nathari ni ya kutolea taarifa tu.

Fikiria barua ya Kiswahili ya kale, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ina mlango wake: dua, jina la mwandikiwa na sifa zake, salamu ndefu, ndipo mwandishi aseme "ama baadu" na kuingia kwenye shida yake. Ni utaratibu mzuri, wa watu wenye adabu. Lakini gazeti lina safu nyembamba na wino wa kununua. Zaidi ya hapo, anayesoma si mtu mmoja unayemjua baba yake. Ni umati. Salamu ya umati haiwezi kuwa ndefu. Mwandishi analazimika kuanza na jambo: mvua imenyesha au haikunyesha, njaa imefika wapi, nani amekufa, bei ya mpunga, reli imefika kituo gani. Na reli kweli ilikuwa ikitembea: kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na ilikuwa imefika Moshi kabla ya vita.

Jambo hilo linaonekana dogo. Halikuwa dogo. Sentensi ya Kiswahili ilijifunza kutangulia na tukio na kuacha heshima zifuate. Ilijifunza kusema "jana" na "mwezi uliopita" kwa maana ya tarehe, si kwa maana ya "hapo kale". Ilijifunza kumweleza mtu wa Lindi mambo ya Mwanza bila kudhani anaijua Mwanza. Anayeandika riwaya leo anatumia vifaa hivyo bila kujiuliza vilitengenezwa wapi.

Gazeti halikuanza na sifuri, nikiri hilo. Carl Velten alikuwa amekwisha kuwaandikisha watu wa pwani nathari na kuichapa Ujerumani. Safari za Wasuaheli ilitoka mwaka 1901, na humo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Desturi za Wasuaheli, kazi iliyobeba maarifa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ilitoka mwaka 1903. Tofauti ni msomaji. Vitabu vile viliandikwa kwa kuombwa na Mzungu, visomwe na Wazungu wanaojifunza lugha. Ndiyo maana Mtoro anaeleza mambo ambayo hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa. Mwandishi wa barua katika Kiongozi anaandika kwa wenzake, na anaruka yale wanayoyajua. Huo ndio mwanzo wa fasihi yenye wenyewe, hata kama mtambo si wao.

Kuna pia doa ambalo mtetezi wa gazeti hili hawezi kulifunika. Karani wa pwani aliyepelekwa bara alikwenda na kiburi chake. Kwake dunia ilikuwa na waungwana na washenzi, na washenzi walikuwa ni hao anaowakusanyia kodi. Neno hilo limejaa kwenye nathari ya pwani ya wakati ule, kwa Velten na kwenye magazeti, na linatumika kwa utulivu, kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, gazeti lilikuwa upande wa serikali, na maakida wa pwani walikuwa miongoni mwa waliolengwa kwanza na wapiganaji. Yaani gazeti lililotufundisha kuandika "sisi" kwa maana pana lilikuwa na "wao" ya karibu sana, ya majirani. Mhakiki anayesifu lugha yake bila kusema hilo anafanya kazi ileile ya mashairi ya Kaizari.

Ila tusidhani walioandika walikuwa wanapendwa na Wazungu wote. Tanga hiyohiyo ilikuwa na gazeti la walowezi, Usambara-Post, la Kijerumani, likiwasemea wenye mashamba ya mkonge na kahawa. Mlowezi alitaka mikono ya shambani, na mtu mweusi aliyevaa kanzu safi na kalamu sikioni hakuwa mkono wa shambani. Karani aliishi katikati: juu yake dharau, chini yake yeye mwenyewe anadharau. Ukisoma nathari yake ukiwa na picha hiyo, hata ile adabu yake ya kupitiliza inaanza kueleweka. Ni adabu ya mtu anayechunga asianguke.

Ukitoka Tanga mjini kwenda Muheza unafika Magila, na huko kulikuwa na mtambo mwingine. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilichapa Habari za Mwezi, gazeti lililotangulia Kiongozi kwa takriban miaka kumi. Mtambo wa Magila ulichapa pia, vipande vipande kati ya 1895 na 1907, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambayo kwangu mimi ni moja ya nathari bora kabisa za Kiswahili za wakati wowote. Mwislamu wa pwani anaandika historia ya watawala wa Usambara, na inachapwa na wamisionari. Haiingii kwenye sanduku lolote la mtaala, na labda ndiyo sababu mtaala unaikwepa.

Mhariri wa Habari za Mwezi alikuja kuwa Mwafrika, Samuel Sehoza. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, Wajerumani waliwatia mbaroni Waafrika wengi wa misheni hiyo ya Kiingereza, wakiwahesabu ni watu wa adui. Sehoza akaandika yaliyompata: Mwaka katika Minyororo, kitabu kilichotoka mwaka 1921. Tazama mpangilio wa maisha hayo. Mtu anahariri habari fupi za watu wengine kwa miaka, halafu habari inampata yeye mwenyewe, na tayari ana lugha ya kuisimulia. Kumbukumbu ya kifungo kwa Kiswahili, miongo kadhaa kabla haijawa mtindo Afrika Mashariki. Gazeti ndilo lililokuwa shule yake.

Martin Kayamba naye ni mtu wa mkondo huo. Alisoma Kiungani, akafungwa na Wajerumani wakati wa vita, kisha akawa karani wa Waingereza papa hapa Tanga, na mwaka 1922 akaongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Alipokwenda London mwaka 1931, alirudi na kuandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Soma jina hilo la kitabu tena. Ni kichwa cha barua ya gazetini: tuliyoyaona, tuliyoyafanya, huko. Karani wa zamani alikwenda bara na kuandika habari za wenyeji, huyu akaenda ng'ambo na kuandika habari za Waingereza. Kifaa ni kilekile, kimegeuziwa upande mwingine.

Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, na Kiongozi likafa mwaka huohuo. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, nalo la serikali, na washairi wakahamia huko. Ilibidi tungoje mpaka Novemba 1937 kupata Kwetu la Erica Fiah, gazeti la Mwafrika lenye kuisema serikali. Kijana wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909, Shaaban bin Robert, alianza kujulikana kwa mashairi yake katika Mambo Leo. Hakuwa mtoto wa Kiongozi moja kwa moja, lilipokufa alikuwa na miaka saba. Lakini alikuwa karani wa serikali, alifanya kazi ya forodha Pangani na kazi za ofisini Tanga, na aliishi kwenye mji ambao kuandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kilatini, kwa ajili ya wasomaji usiowajua, lilikuwa jambo la kawaida tayari.

Ukiisoma Kusadikika (1951) kwa macho hayo, inabadilika kidogo. Tunapenda kusema ni istiara ya ukoloni, na ni kweli. Lakini umbo lake je? Ni mashtaka, ni utetezi, ni taarifa za wajumbe waliotumwa mbali wakarudi na habari. Mjumbe mmoja baada ya mwingine, nchi moja baada ya nyingine: nilikwenda, nikaona, haya ndiyo yaliyoko huko. Huo ni utaratibu wa barua kutoka vituoni. Tofauti ni kwamba wajumbe wa Kusadikika wanaleta habari ambazo watawala hawataki kuzisikia, na wanafungwa kwa ajili yake. Shaaban alichukua umbo ambalo karani wa Kiongozi alilitumia kumfurahisha bwana, akalipa kazi ya kumshtaki bwana. Sisemi alikaa na nakala za zamani mezani. Nasema umbo lilikuwa limeshaingia kwenye lugha, likisubiri mwenye ujasiri.

Jamani, na wanawake? Hawamo. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Gazeti la shule ya wavulana, linaloandikwa na makarani wanaume, halikuwa na masikio kwa nusu ya mji. Hata ngoma, sanaa yenye kelele kuliko zote, haikupewa heshima ya kuitwa sanaa. Na hao makarani walikuwa wachezaji! Shule ya Tanga ilikuwa na bendi yake ya matarumbeta, na katika miaka hiyo beni ilikuwa inaenea miji ya pwani, na makundi ya Marini na Arinoti, vyeo vya kubuni, sare na mashindano. Mtu aliyeandika shairi la heshima mchana, usiku alikuwa "gavana" wa kundi la beni. Nyimbo zao zilikuwa na mzaha na kijembe ambacho ukurasa haukukiruhusu. Za kina mama, lelemama na nyinginezo, ndiyo kabisa.

Deni hilo lililipwa kidogo kidogo baadaye. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na kwa wakati wake ni jambo kubwa: mwanamume wa Tanga anamwandikia wasifu mwanamke mwimbaji, mtoto wa Fumba, Unguja, kwa heshima inayotolewa kwa mashujaa. Kisha taarab yenyewe ikahamia kwenye santuri na redio, na Tanga ikapata Black Star na Lucky Star, na sauti ya Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani. Ukitaka kujua Tanga ya baada ya uhuru iliwaza nini juu ya mapenzi, fedha na fitina, utapata zaidi kwenye kanda hizo kuliko kwenye magazeti. Lakini ona gharama yake: sanaa isiyoandikwa gazetini haikupata wahakiki. Tuna nyimbo, hatuna mjadala wake. Nani alimjibu nani, kwa nini mji ulicheka, kijembe kilimlenga nani, yote hayo yanakwenda kaburini na waliokuwepo.

Hapo ndipo suala hili linanigusa kama mwandishi wa habari. Gazeti la mji mdogo halihifadhi kazi za wasanii tu. Linahifadhi mazungumzo kuhusu kazi hizo. Leo waandishi wa mikoani tunatuma habari Dar es Salaam, na kinachorudi kimechapwa ni ziara ya mkuu wa mkoa na ajali ya basi. Mshairi wa Tanga anaweka shairi lake kwenye kundi la WhatsApp, linapata vidole gumba arobaini, kesho yake limefukiwa na matangazo ya msiba. Halina tarehe ya kukumbukwa, halina mtu wa kulijibu kwa hoja. Na ukurasa wa sifa, huo bado tunao. Soma habari yoyote ya uzinduzi wa mradi, uhesabu "mheshimiwa" zilizomo, kisha uniambie kama tuna haki ya kumcheka karani wa 1904. Yeye angalau aliweka vina.

Kuna jambo moja linaloweza kufanyika, na halihitaji muujiza. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya Kiongozi ni ya Kijerumani na Kiingereza, toka utafiti wa Hilde Lemke wa mwaka 1929 mpaka leo. Mwanafunzi wa sekondari ya Tanga hana pa kuanzia. Tunahitaji kitabu kimoja cha wastani: barua na safari zilizochaguliwa kutoka Kiongozi na Habari za Mwezi, kwa Kiswahili chake cha asili, tahajia za zamani zikiachwa kama zilivyo, na dibaji isiyoficha Maji Maji wala neno "washenzi". Mashairi ya sifa yawemo machache, ili mtu aone mwenyewe. Kando yake uwekwe utenzi wa el-Buhriy, ili wanafunzi wabishane darasani nani alikuwa msema kweli, na kwa nini wote wawili walikuwa watu wa Tanga. Idara zetu za Kiswahili zina watu wa kuifanya kazi hiyo, na kuna tasnifu nyingi zaidi ya moja zinazosubiri humo.

Hadi hapo, anayetaka kuanza aanze na Habari za Wakilindi. Allen aliihariri upya mwaka 1962, na nakala za zamani bado zinapatikana kwenye maktaba na kwa wauza vitabu vya mitumba. Akimaliza, amtafute Sehoza. Halafu ndipo arudi kwa Shaaban Robert, na atamkuta anaongea na watu, wala hayuko peke yake.